Nakala Iliyochukuliwa Watu Wakiandika

Ndugu zangu, mniwie radhi, leo nasema nina hasira.

Kulikuwa na fundi mmoja aliyetunza kompyuta kuu ya hospitali, ile inayohifadhi habari za wagonjwa wote. Kila siku mchana alichukua nakala, ili mashine ikiharibika kazi ya watu isipotee. Jambo jema, au sivyo? Lakini kunakili mafaili yote huchukua muda, na muda wote huo wauguzi walikuwa wanaendelea kuandika. Siku moja muuguzi mkuu akamwuliza, "Kaka, tuache kuandika kwanza, umalize?"

"Aa, dada, msijisumbue. Endeleeni tu, mimi nanakili hivyo hivyo."

Mnamwona? Kusimamisha kazi kidogo kungeleta manung'uniko, naye alipenda kusifiwa.

Mchana huo, faili la maonyo ya dawa likiwa limeshanakiliwa, akaja mama mmoja, Nakijwa, kujiandikisha. Muuguzi akaandika jina lake, akaandika na onyo: penisilini inamdhuru, asichomwe kamwe. Faili la majina lilikuwa bado halijafikiwa. Basi kwenye nakala jina la Nakijwa likaingia, onyo lake likabaki nje.

Kesho yake kompyuta kuu ikafa. Fundi akarudisha nakala, skrini zikawaka, majina yakatokea, watu wakampigia makofi. Hakuna aliyekagua. Akague nini, na kila kitu kinaonekana kipo?

Haukupita muda, Nakijwa akaletwa hana fahamu, amegongwa na pikipiki, mguu umechanika vibaya. Daktari akafungua habari zake. Jina lipo. Umri upo. Penye maonyo, patupu. Akaagiza achomwe penisilini. Uso ukavimba, koo likaziba. Walihangaika naye, wapi! Akakata roho mumewe akiwa bado njiani.

Yule mume alipofika alipiga ukuta ngumi. "Mlimwandika! Nilikuwa nimesimama pale pale mkimwandika!"

Fundi akaitwa mbele ya wakubwa. Mnajua alijibu nini?

"Lakini nakala nilichukua, waheshimiwa. Hata siku moja sikuacha."

Alichukua! Nusu ya kabla mama yule hajaingia mlangoni, nusu ya baada yake, akaziunganisha akaziita kitu kimoja. Bora asingekuwa na kitu kabisa! Daktari angeona hana habari, angemngoja yule mume amwulize. Kilichomuua Nakijwa ni kile kilichoonekana kizima.

Mnatikisa vichwa. Mnamlaani fundi. Na sisi je? Sisi tunaoungama kila Jumapili huku dhambi inaendelea? Baba, unapiga magoti hapa, na shamba la mjane wa ndugu yako bado unalilima. Dada, umetamka "nimesamehe," na mdomo haujakauka umeshamsengenya yule yule. Tunatubu hivyo hivyo, hatutaki kusimamisha chochote, tusije tukajisumbua. Halafu tunajiona wazima! Nani anaponywa na toba ya namna hiyo? Mjane yule anakula toba yako?

Acha kwanza. Acha kabisa, ndipo uungame.

Kwaya, kaeni chini. Wimbo utangoja. Mwenye neno na mtu aliyemo humu ndani, ainuke sasa hivi amfuate alipoketi. Mimi nimenyamaza, nawasubiri.