Muhuri wa Asubuhi

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha risasi za bunduki, na mle ndani alikuwamo mkaguzi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kasha likijaa, apime risasi zake, ahakikishe zina baruti, ndipo agonge muhuri kwamba ni salama. Mshahara wake ulikuwa wa kazi hiyo.

Sasa siku moja akaja askari wa wanyamapori kutoka mbali, ameshika risasi mkononi na kasha lake kwapani. Akamwuliza, "Hizi anazikagua nani?"

"Mimi, afande. Si unaona muhuri kwenye kasha lake?"

"Muhuri nauona. Mbogo aliingia shambani, akamfuata mama wa watu anachuma kunde. Nilifyatua, ikalia ta, basi. Nikaweka nyingine, ikalia ta. Nimeifungua hii, ndani hamna hata chembe ya baruti. Yule mama tumemzika juzi. Ulilikagua saa ngapi kasha hili?"

Mkaguzi akatazama chini. "Afande, sisi hapa muhuri tunagonga asubuhi, makasha yakiwa bado matupu. Jioni watu wanawahi basi. Na kusema kweli, risasi nyingi huwa nzima."

"Kwa hiyo ulikagua kasha tupu," askari akasema. "Hizo nyingi nzima hazikuwa kwenye bunduki yangu siku ile."

Mnaguna. Guneni, nami nimeguna. Inauma, jamani. Mtu anaapa kwa muhuri juu ya kitu ambacho hajakiona, halafu mwenzake anasimama mbele ya mbogo akiutegemea muhuri huo. Huyo tumwiteje? Naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Tikisa, baba, ila usichoke mapema, maana sijamaliza.

Leo asubuhi, hapa hapa, tumebatiza mtoto. Niliwauliza ninyi usharika: mtamlea, mtamfundisha, mtamsimamia siku mabaya yatakapomjia? Mkajibu "Tunaahidi" kwa sauti mpaka mabati yakatetemeka. Nami nilijibu pamoja nanyi. Muhuri ukagongwa, kasha likiwa tupu.

Maana tuulizane: wale tuliowaahidi mwaka jana, nani amekwenda kuwaona? Yule binti aliyeacha shule, nani alibisha hodi kwao? Tunasema vijana wameharibika. Wameharibika! Siku walipokuwa na mbogo mbele yao, wakatushika sisi kama silaha, tukalia ta.

Haya, nijibuni basi. Mtoto wa leo anaitwa nani?

Naona mnatazamana.

Anaitwa Eliamani. Kwao ni nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu, na mama yake yuko peke yake. Sitawaombea baraka ya kuondoka hapa mpaka nione nani ananyoosha mkono kwenda pale mchana huu.