Foleni ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge kama mgombea aliyeshindwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kupiga kura, palikuwa na kamji kadogo kakiitwa Mavumbini. Mavumbini kulikuwa na mbuzi, kondoo, kuku, bata na punda mmoja. Na mkuu wa mji alikuwa nani?

Semeni basi! Fisi.

Babu zao walimpigia kura babu yake Fisi. Baba zao wakampigia baba yake. Ukimwuliza mbuzi wa Mavumbini, "Kwa nini Fisi?" alikushangaa. "Sisi ni watu wa Fisi," alisema. Mjadala ukaisha.

Punda naye aligombea kila mwaka. Yeye ndiye aliyechimba kisima cha mji, peke yake, kwa kwato zake. Watu walikunywa maji yake, wakajifuta midomo, wakasema, "Punda ni mtu mwema sana. Bahati mbaya si Fisi."

Uchaguzi wao ulikuwa wa foleni. Wagombea walisimama uwanjani wakitazama mashariki, Fisi mbele kabisa, Punda kule mwisho. Unayemtaka, unapanga mstari nyuma yake. Na aliyekuwa wa kwanza nyuma ya mshindi alipata heshima kubwa: alialikwa karamu nyumbani kwa mkuu.

Sasa, palikuwa na mama mmoja, Bi Kondoo. Alikuwa na wana watatu, na kila mwana alimvisha njuga shingoni, asipotee machungani.

Mwaka wa kwanza, mwanawe mkubwa aliwahi foleni. Fisi akashinda. Kijana akaenda karamuni, njuga zikilia nji, nji, nji. Hakurudi.

"Mama, shangilia!" majirani wakasema. "Kapewa cheo."

Mwaka wa pili, mwanawe wa kati aliwahi foleni. Fisi akashinda. Kijana akaenda karamuni, nji, nji, nji. Hakurudi.

"Mama, una bahati!" majirani wakasema. "Kapewa cheo kikubwa zaidi, hata salamu hatumi."

Bi Kondoo akalia hadi macho yakavimba.

Mwaka wa tatu akabaki na kitindamimba, Sikudhani. Siku ya kura, Sikudhani akawahi foleni, akasimama wa kwanza nyuma ya Fisi. "Na mimi nataka cheo, mama!" Bi Kondoo akambembeleza, akamkemea, akamvuta sikio. Mtoto hasikii.

Fisi alikuwa anapita akisalimia watu. Alitembea polepole, taratibu, hatikisiki. "Oneni heshima ya mwendo huo!" watu wakasema. Lakini Bi Kondoo alikuwa karibu, na sikio la mama ni sikio la mama. Akasikia kwa mbali: nji.

Moyo ukampasuka. Lakini hakupiga kelele. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mheshimiwa. Eti Punda anasema leo atakushinda."

"Punda?" Fisi akasema. "Huyu Punda?"

Fisi akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, tumbo likaruka juu, likaruka chini. Na tumboni mle: nji nji nji! Nji nji nji!

Kila mtu alizijua njuga zile.

Mnadhani walikimbilia kwa Punda? Thubutu! Mbuzi akakohoa, akasema, "Sawa, anakula. Lakini ni mlaji wetu. Tukimwacha, akija mlaji wa ugenini je?"

"Kweli kabisa," wakasema kuku na bata. "Sisi ni watu wa Fisi."

Fisi akafurahi, akarudi mahali pake, akatazama mashariki, shingo juu.

Hakuna aliyehama. Ila Bi Kondoo alimng'oa Sikudhani kwenye nafasi ya kwanza, na mtoto safari hii hakubisha. Basi Mbuzi akajikuta yeye ndiye wa kwanza.

"Tangulia wewe, Kuku," akasema, akarudi nyuma yake.

"Aa, mimi mdogo. Tangulia wewe, Bata," Kuku akasema, akarudi nyuma.

"Mimi mguu unauma," Bata akasema, akarudi nyuma.

Wakaheshimiana hivyo, foleni ikirudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka ikampita Punda aliyesimama palepale pake.

"Watu wangu mko wapi?" Fisi akaita bila kugeuka.

"Tuko nyuma yako, mheshimiwa! Mbali kidogo tu!"

Kobe, msimamizi wa uchaguzi, akapuliza filimbi. Akatazama nyuma ya Fisi: vumbi tupu. Akatazama nyuma ya Punda: mji mzima.

"Punda kashinda," akasema.

Fisi akageuka, akaona uwanja mweupe. Akaondoka Mavumbini akikimbia, njuga zikimfuata njia nzima, na Bi Kondoo akazisikiliza mpaka zilipopotea. Kisha akamkumbatia Sikudhani, akalia, na safari hii hakuna jirani aliyemwambia ashangilie.

Na wale wengine? Hata leo wanakunywa maji ya Punda, wanajifuta midomo, wanasema, "Sisi ni watu wa Fisi."

Hadithi hii inatufunza: kabla hujamfuata mtu kwa sababu babu yako alimfuata, uliza kwanza babu alifia wapi.

Mimi nimeishia hapo. Kama tamu, gawaneni; kama chungu, mwachieni aliyecheka.