Zahanati Iliyowaka Nyekundu

Kaeni mkao wa kula, ninyi mnaojiita wenye akili. Leo mtaamua kesi.

Wilaya ya Kilimbwe ilikuwa na watumishi watatu wa afya wa mkataba. Sijaona, karani wa zahanati ya Lugongo, alikuwa na kipaji cha kuandika anachokiona, si anachotakiwa kukiona. Lusajo, kijana wa kompyuta makao makuu, alitengeneza programu iliyosoma taarifa za zahanati zote na kuwasha nyekundu penye hesabu za ajabu. Na Mang'enya, bwana afya? Kipaji chake kichwa kigumu tu.

Sijaona aliwadharau wote, na wapishi wa takwimu ndio kabisa. Shebuge, mkuu wa zahanati ya jirani, Mtakuja, kila mwezi aliandika wagonjwa wa kuhara kumi na mmoja. Masika kumi na mmoja, kiangazi kumi na mmoja, utadhani kuhara kunalipwa mshahara! Za Lugongo zilipanda na kushuka na ugonjwa, kwa hiyo iliyowaka nyekundu ni Lugongo, na aliyefokewa ni Sijaona: "Mbona za wenzako zimetulia?" Mkataba wake ulibakiza mwezi mmoja.

Wiki moja wakaja wagonjwa ishirini na sita. Angeweza kuandika kumi na mmoja akalinda kibarua chake. Akaandika ishirini na sita, na mbele ya kila jina: kisima cha mpakani, kati ya Lugongo na Mtakuja.

Programu ikawaka. Lusajo angeweza kuipuuza, wakubwa walishaichoka. Akapiga simu.

"Dada Sijaona, umekosea tena?"

"Njoo uwanuse ndipo useme nimekosea, mtoto wa kiyoyozi wewe!"

Lusajo akanywea, akampigia Mang'enya.

Mang'enya angeweza kusubiri kibali. Akapiga kufuli kisima, akakalia mfuniko siku mbili, akitukanwa na vijiji viwili. "Tukaneni," akasema, "ila hamnywi." Kumbe kilikuwa kipindupindu; kikakoma.

Ikaja nafasi ya ajira ya kudumu. Moja! Mganga Mkuu wa Wilaya akawaita kikaoni.

"Bila daftari langu mngejua nini?" akauliza Sijaona.

"Bila programu, daftari lako lingeliwa na panya," akasema Lusajo.

"Makaratasi yenu hayafungi kisima," akasema Mang'enya.

Kutoka nyuma Shebuge akanyoosha mkono, bila haya. "Na sisi je? Takwimu zetu zisingetulia, za kwake zingeonekanaje?"

Sijaona akasonya, ukumbi mzima ukageuka. Alishaliona daftari la Mtakuja la mwezi ule: wagonjwa kumi na mmoja, vifo hakuna. Na Mtakuja ilizika watu wanne, mmoja wao mtoto wa dada yake Sijaona. Na huyo Shebuge, jamani, ajira yake ya kudumu ina mwaka wa kumi na mbili!

Haya, kalamu ya Mganga Mkuu ishike wewe. Nafasi ni moja, wawili watarudi nyumbani, na Shebuge amekaa anangoja chai. Wewe ungeandika jina la nani?