Kisiki Chini ya Ukuta

Kaeni vizuri. Aliyekuja kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitamwamsha vibaya.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, mikono yake ya kazi, masikio yake ya mapambo. Aliamua kuchimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, ili kiangazi watoto wasile majani tu kama mbuzi. Wazo zuri, hapo simlaumu. Akachimba, akainua ukuta wa udongo upande wa bondeni. Sasa pale ukuta ulipopita palikuwa na kisiki cha mparachichi. Mkewe akamwambia, "Baba, hicho king'oe kwanza. Kikioza humo ndani kitaacha tundu."

"Unajua kazi ya kung'oa kisiki wewe? Nikifukia, nani atakiona?"

Akafukia. Akashindilia. Ukuta ukanyooka, majirani wakaja kuusifu, naye akasimama juu yake mikono kiunoni kama mtu aliyejenga daraja la serikali.

Kisiki hakina haraka. Kilioza taratibu. Samaki walishafika ukubwa wa kiganja bwawa lilipoanza kupungua, na kila asubuhi mstari wa tope unaonekana juu ya maji. Mwanamume akasema, "Jua hili! Mama, ongeza maji." Mama akachukua ndoo, akateremka mtoni. Alishuka na kupanda mpaka utosi ukaota sugu. Wanawake mnaojua ngata mmenielewa. Wanaume mtaelezwa nyumbani.

Mwishowe yule mama akachoka kubeba bila kujua anambebea nani. Akatumbukiza ndoo ya maji bwawani, akaisimamisha juu ya jiwe, maji ya ndani yakalingana na ya nje. Kesho yake ya ndani yamepungua kidogo tu, ya nje yameshuka shubiri nzima.

"Baba, njoo uone. Jua lingekunywa kote kote. Jua halina kosa."

Mnadhani alishukuru? Alivuka mpaka, huyo, kwa mjane wa bondeni, ambaye magimbi yake yalikuwa ya kijani kiangazi chote. "Mwizi wewe! Unaniibia maji!"

Mjane hata jembe hakuweka chini. "Ingia shambani mwangu utafute mfereji. Ukiupata, nizike humo humo. Usipoupata, fuata unyevu huu uone umetoka kwa nani."

Unyevu ulitoka ukutani kwake. Akapiga magoti, akachomeka mkono kwenye tundu mpaka begani, akatoa kipande cha gome jeusi, kimelainika kama uji. Gome la mparachichi. Mkewe amesimama pale na ndoo. Mjane anachungulia kutoka kwenye magimbi.

Sasa mnangoja niwaambie mtu yule alilia, akabomoa ukuta, akang'oa kisiki, akajenga upya. Ndivyo mnavyopenda mifano iishe. Lakini kubomoa kulitaka amwage maji yote, na mtaa mzima uone. Akasokota nyasi, akaziba tundu, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Ongeza maji," akasema.

Na mkewe akaongeza. Hapo ndipo paniumapo. Aliongeza mpaka siku alipoanguka njia ya mtoni, mgongo ukakataa. Ndoo ilipokosa mbebaji, bwawa halikuchukua muda. Samaki wakahema kwenye tope, korongo wakashuka wakala, watoto wakarudi kwenye majani.

Msiseme hakujua. Mkono wake ulikishika kisiki.

Na sisi je? Binti akiumizwa na mjomba wake, tunaita kikao, tunakunywa chai, tunasema, "Yaishe. Tuyamalize nyumbani, tusichafue jina la ukoo." Tunafukia, tunashindilia, tunapiga picha za harusi juu ya ukuta. Halafu tunashangaa: mbona mabinti hawaji nyumbani sikukuu? Mbona viti vya vijana humu kanisani ni vitupu? Tunasema ni simu. Tunasema ni mji. Tukikosa kabisa, tunasema jirani ametuloga. Kisha tunamgeukia mama wa yule binti: "Zidisha maombi, mama. Funga. Vumilia."

Ongeza maji, hiyo.

Sipingi maombi, hata mimi magoti yangu yameisha kwa hayo hayo. Lakini Mungu si nyasi za kuzibia tundu.

Humu ndani yupo mama mwenye ndoo kichwani mpaka leo, na amekaa safu moja na aliyefukia. Sitataja mtu. Kila ukoo unajua kisiki chake kiko wapi. Basi ninyi wazee wa vikao, na sisi bibi tunaowapikia chai ya vikao hivyo, ibada ikiisha mtu asije kunishika mkono akaniambia nimesema vizuri. Aende akabomoe, maji yamwagike, watu waone.

Na wewe mama, tua hiyo ndoo.