Siku Kiboko Alipoigiza Maiti

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Ije na nini?

Ije na uongo, ukweli tunao nyumbani!

Na mwenye usingizi?

Akalale kwao!

Haya, hapo sawa. Zamani hizo wanyama walikuwa na banda la sinema. Msiniulize mashine waliitoa wapi wala umeme waliuvuta kutoka wapi. Anayetaka habari za umeme aende kwa watu wa umeme, hapa tuna ngano. Banda lilikuwa la makuti, ndani giza, mbele shuka jeupe, nalo lilikuwa la Kiboko. Mto ulikuwa wa Kiboko. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa ya Kiboko pia, maana alikuwa akiikalia, na Kiboko akishakalia kitu, kitu hicho ni chake. Wewe utamwinua kwa nguvu gani?

Kila mwaka baada ya mavuno yalifanyika mashindano ya filamu. Kiingilio ni boga. Mwenye boga anaingia, asiye na boga haingii, na asiyeingia hanywi maji, kwani njia si imekaliwa? Maboga yalirundikwa nje ya banda, na mwenye filamu itakayoshinda anachukua rundo zima. Desturi ya wahenga ilikuwa mshindi apike, watu wote wale. Lakini mwaka juzi alishinda Kiboko, akala peke yake. Mwaka jana akashinda Kiboko, akala peke yake. Akatema mbegu, watu wakaokota mbegu.

Mwaka huu jua likawaka. Shamba la Ngiri likakauka, shamba la Nyani likakauka, na boga ambalo kila mmoja alilipa mlangoni lilikuwa boga lake la mwisho.

Jaji wa mwaka jana alikuwa Mzee Kobe. Mzee Kobe ni msema kweli, na msema kweli, kama mjuavyo, hakosi maumivu. Kiboko alimwuliza, "Filamu yangu umeionaje?" Kobe akajibu, "Ndefu." Hakusema zaidi ya hapo. Kiboko akamkalia. Puu! Ndiyo maana gamba la Kobe mpaka leo lina mistari mistari. Walipomchomoa huko chini, Kobe akasema filamu ilikuwa nzuri sana, tena fupi.

Basi mwaka huu nani awe jaji? Swala alisema ana homa. Nyani alisema amefiwa. Kiboko akatazama huku, akatazama kule, akamwona Bi Kinyonga juu ya tawi.

"Wewe! Jicho lako moja linatazama huku, jingine linatazama kule. Utaiona filamu yangu mara mbili kwa mpigo. Wewe ndiye jaji."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa," akasema Bi Kinyonga, akajigeuza rangi ya tawi. Haikumsaidia, alikwisha kuonekana.

Bi Kinyonga aliogopa. Aliogopa haswa. Kobe alikuwa na gamba, yeye ana nini? Ana mkia uliojikunja. Tena nyumbani kaacha watoto tele, wembamba kama njiti, na kila asubuhi wanamwuliza, "Mama, nzi wako wapi leo?" Maana kinyonga hali boga, anakula nzi. Lakini nzi hufuata chungu, na mahali pasipopikwa hapana nzi. Akawaza: nikisema kweli, nitakaliwa. Nikisema uongo, Kiboko atakula maboga yote peke yake, na wanangu nitawazika. Akawaza polepole, kama anavyofanya kila jambo lake.

Wakaingia bandani. Filamu ya kwanza ilikuwa ya Swala, ya mapenzi. Swala dume anamkimbiza Swala jike, wanauzunguka mti. Wakauzunguka, wakauzunguka, wakauzunguka, mpaka Nyani akashikwa na kizunguzungu akatapika. Hadithi iko wapi? Haikuwapo, mbio tu.

Filamu ya pili ilikuwa ya Kasuku. Kasuku alianza kwa kusimulia mwisho. Halafu akaeleza kwa nini mwisho huo ni mzuri. Halafu filamu ikaisha.

Filamu ya tatu ilikuwa ya Kiboko, jina lake "Dume Halizami". Steringi alikuwa Kiboko. Adui alikuwa Kiboko, kajifunga kitambaa jichoni. Mchumba wa steringi alikuwa Kiboko, kavaa khanga, na khanga ikampasukia katikati ya mapenzi. Mama wa steringi alikuwa Kiboko, anakohoa.

Filamu ikaanza, Kiboko anatembea kwenda nyumbani. Akatembea. Akatembea. Akafika mlangoni, akabisha hodi. Hakuna mtu. Akarudi. Akatembea. Watu wakasinzia, wakaamka, bado anatembea. Ndipo steringi akakutana na adui wakapigana, tindi! tindi! Watu wakapiga kelele, "Steringi hafi! Steringi hafi!" lakini hawakujua wamshangilie yupi, maana sura ni ile ile. Mwishoni baba wa steringi akafa. Baba naye alikuwa Kiboko. Akalazwa chali, tumbo juu kama kichuguu, na steringi akamlilia, machozi yenyewe kajipaka mate. Sasa hapo, katikati ya kilio, nzi akatua kwenye sikio la marehemu. Sikio la marehemu likafanya pwe! pwe! Likamfukuza nzi.

Ngiri alitaka kucheka, akajiuma ulimi.

Bi Kinyonga aliona. Jicho moja liliona sikio. Jicho la pili, kupitia mwanya wa makuti, liliona rundo la maboga nje. Halafu macho yote mawili yakatazamana, jambo ambalo kwa kinyonga si la kila siku.

Wakatoka nje, Bi Kinyonga akarudi kwenye tawi lake. Kiboko akasimama mbele yake.

"Haya, jaji! Hadithi je?"

"Hadithi nzuri, Bwana Mkubwa. Ulivyotembea, mpaka miguu yangu mimi imeuma."

"Wahusika je?"

"Wahusika wazuri. Kila nilipomchoka mmoja, anakuja mwingine, kumbe ni yule yule."

Kiboko akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Unasikia, Kobe? Huyu ndiye jaji. Na uigizaji?"

Bi Kinyonga akashusha pumzi. "Uigizaji huu hauna mfano, Bwana Mkubwa. Isipokuwa baba."

"Baba kafanyaje?"

"Baba alikufa vizuri. Ila akiwa maiti, alifukuza nzi."

Kiboko akasogea hatua moja. Kivuli chake kikamfunika jaji na tawi lake. Bi Kinyonga akawa kijani, akawa kahawia, akawa manjano, akawa rangi moja ambayo mpaka leo haijapewa jina. Lakini hakunyamaza.

"Si mimi ninayesema, Bwana Mkubwa. Watasema watu wa ng'ambo. Watasema, Kiboko anaweza yote, ila kufa hawezi."

"Mimi? Nisiweze kufa?" Kiboko akafura. "Naweza kufa kuliko mtu yeyote hapa!"

"Nani anabisha? Lakini sikio wameliona. Basi rudia kipande hicho hapa hapa, waone kwa macho yao. Nikisema 'Anza', umekufa. Nikisema 'Kata', umefufuka. Na maiti ya kweli haisikii, hainusi, haili. Ukifa sawasawa, umeshinda, na rundo hili ni lako. Ukishindwa kufa, rundo ni la watu wote. Unakubali mbele yao?"

"Nakubali! Tena mbona umechelewa kusema? Anzisha!"

"Anza!"

Puu! Kiboko akajibwaga chini, vumbi tifu! Akafumba macho, akatoa ulimi nje kidogo kwa ajili ya uzuri. Bi Kinyonga akashuka tawini, akampanda taratibu mpaka kando ya sikio, akakaa hapo.

"Huu ni msiba," akawaambia watu. "Haya, lieni."

Watu wakatazamana. Nani ana chozi la kumpa Kiboko? Lakini Mzee Kobe, mtu mzima, akajitahidi. "Uuuwi! Marehemu wetu! Marehemu alikuwa... alikuwa..." Akatafuta jema la kusema, maana marehemu hasemwi kwa ubaya. Akatafuta, akatafuta. "Alikuwa mkubwa!"

"Mkubwa kweli!" wakaitikia.

"Na alipokaa," akasema Ngiri, "alikaa!"

"Alikaa kweli!"

Hapo Kobe akakumbuka gamba lake, akalia machozi ya haki.

"Hapana," akasema Bi Kinyonga. "Bado si msiba huu. Msiba gani usio na sufuria? Mmeona wapi watu wanakaa matanga na njaa? Filamu bila ukweli haina utamu. Pikeni."

"Tupike nini?" akauliza Kobe.

"Mzee wangu, matangani watu hula cha nani? Si cha nyumbani kwa marehemu?"

Polepole watu wote wakageuza shingo wakalitazama rundo la maboga. Sikio la Kiboko likaanza kuinuka, na nzi naye akaja kutua papo hapo. Bi Kinyonga akafyatua ulimi. Cha! Nzi kaliwa. Sikio likatulia.

Basi wakapika. Moto, pwaa! Sufuria, gudugudu, gudugudu. Harufu ya boga ikapanda, ikashuka, ikaingia katika kila pua iliyokuwapo. Na nzi wakaja, ndugu zangu, wakaja makundi kwa makundi. Bi Kinyonga akaita wanawe. "Njooni mumuage marehemu!" Wakaja, wakajipanga mgongoni na tumboni mwa marehemu. Cha! Cha! Cha! Hakuna nzi aliyeligusa sikio.

Kiboko akanong'ona bila kufungua mdomo. "Bi Kinyonga."

"Marehemu, nyamaza."

"Nasikia sufuria."

"Maiti haisikii."

"Nasikia harufu ya boga."

"Maiti hainusi."

"Na mimi nataka boga!"

"Maiti haili."

"Basi sema Kata!"

"Sasa hivi? Watu wanavyotoa machozi hivi? Utaharibu picha, Bwana Mkubwa."

Na kweli machozi yalikuwa yakiwatoka. Boga lilikuwa la moto, nao hawakuweza kungoja lipoe.

Mara tumbo la Kiboko likapiga: ngrrrrrr! Watu wakaganda, mashavu yamejaa. Nyani akawa tayari kupanda mti na sahani yake.

"Kaeni," akasema Bi Kinyonga. "Huo ni muziki. Mahali pa huzuni katika filamu lazima pawe na muziki."

Wakaendelea kula.

Likabaki boga moja. Na hapo Bi Kinyonga akaona kitu kilichomfanya apoteze rangi zote. Ukope wa Kiboko ulikuwa unafunguka. Kidogo, kidogo, kama mlango wa mtu anayechungulia wageni asiowataka. Akawaza: akiliona rundo lilivyoisha, watu wote hapa watakaliwa, na wanangu wako mgongoni mwake. Moyo ukamwenda mbio, yeye ambaye hajawahi kwenda mbio kwa lolote. Akainama kwenye sikio.

"Bwana Mkubwa, jicho. Umekufa kifo ambacho hajafa mwigizaji yeyote. Swala amezirai kwa majonzi. Ukifungua jicho sasa, watasema, ni yule yule wa sikio."

Ukope ukatetemeka. Tumbo likavuta huku, sifa zikavuta kule. Tumbo likavuta, sifa zikavuta. Ukope ukajifunga.

Boga la mwisho likaliwa. Bi Kinyonga akawaita wanawe washuke, akawahesabu kwa macho, akapanda tawi lake, tena tawi la juu kabisa. Ndipo akasema, "Kata!"

Kiboko akainuka kwa kishindo. Akatazama pale palipokuwa na maboga. Hakuna boga. Kuna maganda.

"Maboga yangu!"

"Hongera, Bwana Mkubwa," akasema Bi Kinyonga. "Umeshinda. Mzee Kobe, mpe mshindi rundo lake."

Kobe akasukuma maganda kwa heshima zote.

"Mmekula! Wezi nyie, mmekula yote!"

"Umejuaje?"

"Nimewasikia! Mlikuwa mnakula, nawasikia, gudugudu, gudugudu..."

Watu wakaacha kutafuna. Bi Kinyonga akaweka macho yote mawili juu yake.

"Ulitusikia? Basi hukufa. Na kama hukufa umeshindwa, rundo lilikuwa la watu wote, tumekula chetu. Lakini kama ulikufa sawasawa, umeshinda, na huna la kulalamika, maana hujui kilichopita. Sisi tulikuwa nje ya maiti, wewe ndiye uliyekuwa ndani. Tuambie mwenyewe. Ulisikia?"

Kiboko akawatazama watu, midomo yao manjano kwa boga, macho yao yote juu yake. Katika filamu zake zote hajawahi kutazamwa hivyo bila hata mtu mmoja kusinzia. Akameza mate, na mate yalikuwa na njaa ndani yake.

"Sikusikia kitu," akasema. "Nilikuwa nimekufa kabisa."

Lo! Makofi hayo! Vigelegele hivyo! Kiboko akainamisha kichwa kushukuru huku, akainamisha kichwa kushukuru kule, kisha akateremka mtoni kula majani, na majani ndiyo anayokula mpaka leo. Njia ikabaki wazi, watu wakashuka nyuma yake wakanywa maji.

Hadithi yangu nimeitua, mwenye kichwa ajitwike. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa ndefu, msiniambie mimi, mwulizeni Kobe.

Na funzo lake, watoto, ni hili: msiwaseme vibaya wachoyo. Asingekuwapo mchoyo, nani angetukusanyia maboga yote mahali pamoja?