Boga Lisilo na Jina

Hapo zamani, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, upande ule usiopata mvua nyingi, aliishi mwanamke mzee aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mtungi wa udongo alioachiwa na mama yake. Siku moja mtungi ukapata ufa. Ukiujaza asubuhi, jioni unaukuta nusu. Nakijwa hakuutupa. Aliuweka nje chini ya upenu, akawa anatilia humo maji ya kuku.

Jirani yake aliitwa Namkunda, mwanamke aliyeolewa pale kutoka mbali.

Mwaka ule jua likawaka. Ukapita mwezi, jua. Ukapita mwezi wa pili, jua. Majani ya kijiji kizima yakakauka, isipokuwa pale ulipokaa ule mtungi. Namkunda akayaona yale mabichi. Akaja, akachuchumaa, akachomeka kidole ardhini.

"Unatafuta nini hapo, mwanangu?" Nakijwa akauliza.

"Naangalia mtungi wako, mama. Kumbe hauvuji maji yakaisha mara moja. Unatoa kidogo kidogo, kama mtu anayetoka jasho."

"Huo ndio ubovu wake."

"Nipe nikauzike."

Nakijwa akacheka. "Tangu lini mtungi ukazikwa?"

"Nikiuzika bustanini hadi shingoni, nikapanda mbegu kuuzunguka, hayo maji yatakwenda kwenye mizizi. Hapa juu yananywewa na jua."

Nakijwa akaupapasa mtungi. Kitu kingine cha mama yake hakikuwepo tena duniani. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na mbegu sita za boga.

"Hizi ndizo nilizotaka kukaanga leo," akasema. "Sina nyingine. Uchukue mtungi, na hizi uchukue."

Namkunda akauzika mtungi. Akapanda mbegu. Akafunika mdomo wa mtungi kwa ungo mkuukuu uliotoboka. Kila siku akateremka chemchemini alfajiri, akarudi jua likiwa utosini, akaujaza. Siku ya kumi na mbili akateleza kwenye mawe, mguu ukavunjika. Wakamfunga vijiti, akalazwa ndani. Mumewe alikuwa amepeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho. Na magoti ya Nakijwa hayakuweza tena ule mteremko.

Kijijini palikuwa na mtu aitwaye Mbonea. Watu walimwita mvivu. Siku hiyo alipita kando ya bustani akaona ungo umelala chini. Akaufunua. Akaona mdomo wa mtungi ukitokeza kwenye udongo, mtupu. Akamimina humo maji yaliyobaki kibuyuni mwake, akaenda zake.

Kesho yake akarudi kutazama. Maji hayapo. Akamimina tena. Kesho yake akarudi, hayapo. "Yanakwenda wapi haya?" akajiuliza. Siku ya nne akaona jani limechomoza.

Tangu siku hiyo Mbonea akawa anateremka chemchemini na vibuyu viwili vikining'inia kwenye mti wa mzega begani. Siku sitini. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemshukuru. Namkunda, kitandani mwake, alisikia nyayo zikija na maji yakimiminwa, basi.

Mche mmoja tu ndio uliokomaa. Ukazaa maboga matano.

Kisha mvua ikanyesha. Watu wakakimbilia majembe, wakakuta hawana cha kupanda, maana mbegu zote walikuwa wamekwisha kuzila. Wakapasua yale maboga matano, kila nyumba ikapata konzi moja. Mwaka uliofuata mashamba yakawa ya manjano kwa maua.

Vijiji vya jirani vikaja na vikapu kuomba mbegu. Wakauliza, "Boga hili linaitwaje?"

Sasa, desturi ya pale ni kwamba mbegu huitwa kwa jina la mtu aliyeiokoa. Mtu mmoja, jina moja. Kijiji kikakutana.

Nakijwa akasema, "Pasipo mtungi, maji yangekaa wapi? Pasipo mbegu, yangenywesha nini? Nilitoa urithi wa mama yangu, nikatoa na chakula changu cha mwisho, nikalala na njaa. Tena mimi sikuzaa. Nikifa, hakuna mtoto atakayepewa jina langu."

Namkunda akasema, "Mtungi ulikaa upenuni ukinywesha kuku. Mbegu zilikuwa njiani kwenda kikaangoni. Nani aliona vitu hivyo viwili vinaweza kukutana? Na mguu wangu huu, mnauona. Nina miaka tisa hapa, na bado mnaniita mgeni."

Mbonea akakawia kusimama. "Mimi sikuwa na mtungi," akasema, "wala mbegu, wala akili ya kuzika mtungi. Nilikuwa na miguu. Lakini katika siku zile sitini, ondoeni tatu tu, mngekuta kikonyo kikavu. Mnaniita mvivu. Ndilo jina mtakalonizika nalo?"

Vikongwe wakasema, la Nakijwa. Wanawake walioolewa kutoka mbali wakasema, la Namkunda. Waliowahi kubeba maji ule mlima wakasema, la Mbonea. Wakabishana hadi sauti zikakauka, na wale wageni wamesimama na vikapu mikononi, wanangoja kuambiwa jina.

Nanyi mnaonisikiliza, maneno ya wote watatu mmeyasikia. Jina ni moja. Je, nani alistahili?