Kikuba Kilicholiwa na Mbuzi

Hapo zamani, na wewe Zuwena tulia, ukijitikisa hivyo uzi unanikatikia, hapo zamani katika kijiji cha Mitondooni aliishi msichana akiitwa Raya.

Ngojeni kwanza. Niseme kilichonichokoza. Mwari wetu huyu Zuwena ameniambia, "Bibi, ukifunga fundo la kikuba changu, utaje jina lako kwa sauti nilisikie. Bi Vikuba ni jina la kazi, mimi nalitaka la kuzaliwa." Haki yake. Ndiyo desturi: anayefunga kikuba cha mwari, shada hili la maua la kifuani, hutaja jina lake juu ya fundo, ili ijulikane baraka imetoka mkono wa nani. Mimi nimewafungia vikuba nusu ya wanawake wa mtaa huu, na kila mara nilinong'ona tu, wala hakuna aliyeuliza. Leo huyu kashikilia bango. Haya! Jibu lako limo ndani ya hadithi, na nyote mnaonitazama midomo wazi mtanisaidia kulitoa. Nipitishieni asumini. Siyo hizo zilizochanua, jamani, hizo zitapukutika kabla bwana harusi hajavua viatu! Nipeni vitumba, vile vilivyofumba bado.

Basi Raya alikuwa yatima, amelelewa na bibi yake, Bi Mgeni. Bi Mgeni alikuwa mwanamke wa vicheko, hodari wa ngoma, hakukosa harusi hata moja mpaka magoti yalipomgomea. Mwaka ule Raya alichumbiwa na kijana mpole, Makame, na mwaka huohuo Bi Mgeni akalala kitandani kwa maradhi. Akamwita mjukuu wake, akasema, "Raya, mimi sidai kitu duniani. Nataka nikuone umetolewa mbele za watu, una kikuba kifuani. Nikishakuona, Mungu akitaka kunichukua na anichukue, akitaka kuniacha na aniache." Akalia kidogo, kisha akaomba uji.

Sasa Mitondooni walikuwa na desturi zao mbili, zisikieni vizuri. Ya kwanza: mwari hatolewi bila ya kikuba cha maua ya vuli, yaani kilua, asumini na rehani. Jua likizama naye hajatolewa, watu wa mume hurudi kwao, na harusi husubiri vuli nyingine. Ya pili: fungate likiisha, mwari hukivua kile kikuba, kimekauka lakini bado kinanukia, akamkabidhi mtu mmoja aliyemtendea wema kuliko wote. Mtu huyo ndiye humpa jina mtoto wa kwanza, akitaka lake, akitaka la ampendaye. Msicheke. Jina ni kitu kikubwa. Wewe unaondoka, jina linabaki, linaitwa likale ubwabwa.

Vuli ya mwaka ule ilichelewa, tena sana. Mikilua yote ikasimama na majani yaliyojikunja. Uliotoa maua ulikuwa mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Bi Chumu.

Bi Chumu huyu alikuwa kizee, hana mume, hana mtoto, ana kuku wake na mtungi wake. Mkilua wenyewe haukuwa wake wala wa mtu, umejiotea mpakani. Lakini kiangazi chote, kila alipotawadha, alikwenda kutawadhia shinani pale. Alikuwa amewaona nyuki wakija kwenye mtungi wake, wanatua ukingoni, wananyonya tone, kisha wanakwenda kuuzunguka ule mti na vitumba vyake vilivyogoma kufunguka. Akasema, "Maskini, na hawa wana harusi yao wanaisubiri." Watu wakamcheka, mpaka watoto wakamtungia wimbo. "Bi Chumu anautawadhisha mti! Kesho atausalisha!" Naye aliwajibu, "Ukiswali nitawaita mje mjifunze, maana ninyi hamswali."

Siku ya harusi ikafika. Vilua vikachumwa, vile vilivyofikika kwa mkono. Asumini na rehani zikatafutwa huku na huku, kidogo hapa, kidogo pale. Maua yote yakatandazwa kwenye ungo, yakafunikwa kitambaa kibichi, ungo ukawekwa barazani upepo uyapitie. Ndivyo maua ya kikuba yanavyotunzwa, hata haya yangu yamelala hivyohivyo.

Jirani wa upande wa pili alikuwa Faki, mwanamume mnene, mwenye haya, asiyeweza kumsalimia mtu bila ya kuangalia vidole vyake mwenyewe vya miguu. Faki alikuwa na beberu. Beberu alifungwa, sisemi hakufungwa. Lakini mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ya beberu wa Faki, jamani, ilifika barazani kwa Bi Mgeni! Beberu akakifunua kitambaa kwa pua kama mgeni mwalikwa. Akala vilua. Akala asumini. Akala rehani. Walipotoka ndani wakamkuta anatafuna taratibu, anatazama mbele, mdomo unanukia kuliko bibi harusi.

Mayowe hayo! Raya akatoka na hina yake mikononi, akauona ungo mtupu, akaketi chini kwenye mchanga. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bibi hafiki vuli nyingine." Na Bi Mgeni mle chumbani alisikia, maana ukuta wa udongo haufichi neno. Jua lilikwisha kupinda.

Faki akaja mbio, mara hii hakutazama vidole. "Mbuzi wangu, aibu yangu," akasema, na palepale akaenda kwa Bi Chumu. Bi Chumu akamwambia, "Rehani ninayo ndani ya kopo, chukua yote. Vilua vya chini vimekwisha. Vya juu vipo, lakini huko juu wako majimoto." Majimoto mnawajua, wale wadudu wekundu wanaoshona majani na kuuma kama wamedhulumiwa. Faki aliwaogopa toka utotoni. Akapanda.

Mti wenyewe si mrefu. Ukilishika tawi la juu ukalitikisa, maua yanaanguka kwa mkupuo, unaokota unakwenda zako. Faki akalishika tawi. Ndipo akaona kiota cha chozi, yule ndege mdogo, kimening'inia kama soksi, na ndani makinda wamepanua midomo wakidhani mama yao karudi. Akaliachia tawi. Akaanza kuchuma kilua kimoja kimoja, polepole, huku anaumwa shingoni, anaumwa masikioni, anaumwa na pengine ambapo mbele ya mwari sipataji. Bi Chumu chini anapiga kelele, "Tikisa, we Faki! Jua linakwenda!" Naye juu anajibu, "Siwezi, Bi Chumu! Humu mna watoto!" Aliposhuka uso ulikuwa umevimba, mama yake mzazi asingemtambua. Lakini vilua vilikuwa kwenye kofia yake, vizima.

Ikabaki asumini. Na asumini ilibaki nyumba moja tu, kwa Mwanakheri, ng'ambo ya ua.

Wee! Hapo watu wakatazamana. Mwanakheri na Raya hawakuwa wakisemeshana. Kisa chenyewe kanga. Bi Mgeni alimpa Raya kanga iliyoandikwa "Jirani mwema hachungulii," Raya akaivaa kwenda kisimani, hana habari na maandishi, na Mwanakheri akasoma, akajipima, akaona inamwenea. Toka siku hiyo kanuna. Akaenda kununua yake ya kujibu, "Nimeona, nimenyamaza," akawa anaianika uani makusudi hata ikiwa kavu.

Na siku ile Mwanakheri alikuwa na lake. Mumewe, Seif, alikuwa anarudi jioni hiyo kutoka kuchuma karafuu, msimu mzima hayupo. Mwanakheri alikuwa amechuma vitumba vyote alivyokuwa navyo, anajitungia asumini ya kichwani. Akasikia kilio ng'ambo. Akasema, "Hainihusu." Akatunga tena. Akasema, "Kwani mimi nilimtuma mbuzi?" Kisha akauinua uso, akautazama mwasumini wake. Shina lilikuwa upande wa kina Raya. Lilikuwa limeparamia ua, likavuka, likaja kutoa maua kwake, toka walipogombana na kabla hawajagombana, halikukosa hata siku moja. Mwanakheri akasonya. "Hata mti haukununa," akasema, "mimi nani?" Akaukata uzi wake, akayafunga maua ndani ya ile kanga ya majibu, akayarusha juu ya ua. "Chukueni! Na mtu asije kunishukuru, maana bado nimenuna!"

Kikuba kikafungwa. Raya akatolewa na jua bado linaonekana, na watu wa mume wakaingia kwa ngoma. Bi Mgeni akasema, "Niinueni nione." Wakamwinua. Akamwona. Akasema, "Niacheni." Wakamwacha, wakidhani sasa anakata roho. Bibi akashika kiuno akaingia ngomani! Vigelegele vilipigwa mpaka beberu akakata kamba akakimbia. Na Bi Mgeni, kama mnataka kujua, aliishi vuli nyingi baada ya hiyo, akila uji wa watu na kuukosoa.

Fungate likaisha. Raya akasimama barazani na kikuba kikavu mkononi, na majirani wake watatu mbele yake.

Bi Chumu akasema, "Mimi sikutaka kusema, lakini nitasema. Bila ya maji yangu pasingekuwa na kilua hata cha kumlisha mbuzi. Nilichekwa kiangazi chote. Na mimi sina mtoto, Raya. Nikifa, jina langu nalo linafukiwa."

Faki akasema, "Bi Chumu, samahani, wewe uliwahurumia nyuki. Raya hukumfikiria kabisa. Mimi nilimfikiria kila nilipoumwa. Natamani jina la marehemu mama yangu, Mkasi, liitwe tena hapa mtaani."

"Wewe ulikuwa unafuta aibu ya mbuzi wako!" Bi Chumu akamjibu. "Mimi nilitoa bila ya kosa na bila ya kujua nampa nani. Wema ndio huo."

"Kosa lilikuwa la kamba. Kupanda sikulazimishwa na mtu. Na wale makinda sikuwakosea chochote, mbona niliwavumilia?"

Mwanakheri akacheka kwa puani. "Ninyi wote mlimtendea mnayempenda. Wepesi ulioje! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami hata rafiki yake sikuwa. Nilimpa niliyemnunia, na mume wangu akanikuta kichwa kitupu kama nazi iliyofuliwa. Nami nataka mtoto aitwe Mwanakheri, ili mama yake akimwita kila siku ajue kununa kwangu kumekwisha."

"Lakini shina la asumini liko kwa Raya mwenyewe," akasema Faki. "Ulimrudishia chake."

"Tena kwa kumrushia kama jiwe," akasema Bi Chumu.

"Ua lililorushwa halinukii?" akauliza Mwanakheri.

Raya akamtazama huyu, akamtazama yule. Akataka akifumue kikuba, kila mtu apate kipande. Bi Mgeni akamshika mkono. "Kikuba kikifumuliwa si kikuba tena, ni majani." Basi Raya akakitia sandukuni, akasema atatoa jibu mtoto akizaliwa.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kabla mama yake hajafungua mdomo, Bi Chumu kishafika, kambeba, kamwita Chumu. Mtoto akacheka. Faki akaja, akamwita Mkasi. Mtoto akacheka. Mwanakheri akaja na shada la asumini, akamwita Mwanakheri, na mtoto, mnafiki mdogo, akacheka vilevile. Raya akaona raha ile, akashindwa kuivunja. Mtoto akakua anaitika majina matatu. Na kwa nini asiitike? Kila jina lilikuwa na sahani yake ya chakula.

Mnanitazama nini? Ndiyo. Mtoto yule ndiye mimi. Kikuba cha mama yangu Raya ninacho sandukuni mpaka leo, hakuna aliyekabidhiwa, na nikifunua kifuniko bado kinanukia kwa mbali. Wale wazee wangu watatu wote wametangulia. Niliwapenda wote, na kila mmoja alikufa akijua mimi ni wake. Ndiyo maana hunong'ona. Nikitaja jina moja kwa sauti, naona kama nawafungia mlango wawili.

Lakini Zuwena kasema litajwe, na harusi ni yake. Haya, uzi umekwisha, fundo liko kidoleni, na ngoma za watu wa mume nazisikia zinakaribia. Bi Chumu aliyetoa bila ya kujua nani atapokea? Faki aliyekuwa na kosa, akalipa zaidi ya kosa lake? Au Mwanakheri aliyetoa huku moyo umenuna? Nani kati yao alistahili kile kikuba? Semeni upesi, jua hilo linazama: fundo hili nilifunge kwa jina gani?